Mpwa Wangu, Mwizi wa Ufuta Hana Mwandishi

Mpwa wangu, tuelewane kwanza: sina ugomvi na hadithi za upelelezi. Mama yako alipokuja kulalamika kwamba siku hizi hulali, kwamba simu inawaka chini ya shuka mpaka jogoo wa pili, na kwamba pesa ya vocha inaishia kununua sehemu ya 14 na ya 15 za riwaya kwenye makundi ya WhatsApp, nilimwambia akuache. Kijana anayekesha na riwaya, hata ikiwa inauzwa vipande vipande kwa M-Pesa, bado anasoma. Nikamkumbusha kwamba hata mimi kaka yake nilikuwa nachapwa kwa kumaliza mafuta ya taa.

Lakini kwetu Wasagara ukoo ni wa mama, na mpwa akiharibu, macho ya watu humwelekea mjomba kabla ya baba. Nimelisoma daftari lako. Ulinionyesha mwenyewe, tena kwa fahari: kaunta buku la kwaya mbili lililoandikwa juu FAILI LA UFUTA. Magunia matatu yaliyobebwa usiku kutoka stoo ya jirani yetu, yakisubiri mnada wa chama cha ushirika, AMCOS, ni hasara ya kweli, na aliyekasirika simlaumu. Ila kwenye ukurasa wa tano umeandika jina la mtu mzima, baba wa watoto, ukalipigia mstari mwekundu, na chini yake ukaandika "kesi imefungwa". Usiku huohuo ukalitupia jina hilo kwenye kundi la vijana wa kijiji. Kufikia adhuhuri lilikuwa limeshafika Zombo na Ulaya, hii Ulaya yetu ya kwenye barabara ya Kilosa kwenda Mikumi, si ile ya wazungu. Jioni mke wake alikwenda bombani na ndoo yake, akakuta wanawake wenzake wamenyamaza.

Kesi imefungwa. Nani aliyeifungua?

Nikuambie kitu ambacho sisi wasomaji wa upelelezi hatupendi kukikumbuka. Mwandishi anamjua muuaji kabla hajaandika sura ya kwanza. Anaanzia mwisho, halafu anarudi nyuma kutawanya dalili: kifungo cha shati kilichodondoka hapa, barua iliyoungua nusu pale. Kila kitu ambacho mpelelezi anakiokota kimewekwa pale ili akiokote. Na wale wasio na hatia nao wamewekewa maelezo yao mapema. Yanasubiri tu kurasa za mwisho yatolewe, mtu aonekane kumbe alitoka usiku kwenda kwa hawara na si kuua. Hapa Masanze hakuna aliyekupangia dalili. Unyayo ulioukuta nyuma ya stoo haukuwekwa na mtu kwa ajili yako. Umeachwa na mguu uliokuwa na safari zake, na huenda mwenye mguu huo hajui mpaka leo kama alipita penye neno.

Nilipokuwa na umri wako nilimpenda mpelelezi Bwana Msa. Mtunzi wake, Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyekuwa akihariri jarida la Mkulima, alishinda mashindano ya uandishi ya 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na mwaka 1960 kikatoka kitabu. Watu husema alimwiga Sherlock Holmes wa yule daktari Mskoti, Conan Doyle, na kweli kiko kipo, na rafiki wa kumshangilia yupo, anaitwa Najum. Lakini angalia hadithi yenyewe inavyoanza. Maiti inakutwa kwenye mzimu, na watu wako tayari kabisa kuamini kwamba wenye mzimu wao ndio waliofanya. Bwana Msa ndiye anayekataa. Anakaa na kiko chake, anauliza, anakwenda, anarudi, anauliza tena. Kwa hiyo mpelelezi wetu mkubwa wa kwanza katika Kiswahili kazi yake ilikuwa kuwazuia watu wasiridhike na jibu lililokuwa tayari midomoni mwao. Wewe umemwiga kiko, subira umemwachia mwenyewe.

Baadaye wakaja kina Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mambo yakaenda mbio: ndege, bastola, warembo, Makaburu wanaokula njama. Hao walininyima usingizi zaidi. Ila sijawahi kumwona Willy Gamba akijaza fomu, wala kusimama kizimbani akiulizwa na wakili wa utetezi alikuwa mita ngapi kutoka kwa adui. Na filamu zenu za kwenye vibanda umiza, zile zenye sauti inayotafsiri juu kwa juu na kuongeza matusi yasiyokuwemo, zimekata hata ile subira ndogo iliyokuwa imebaki vitabuni. Dakika arobaini, mtu kafa, mtu kakamatwa, mtu kakiri, tangazo la sabuni.

Turudi ukurasa wa tano. Umeandika kuhusu unyayo wa yeboyebo, kisigino cha kulia kimekatika kwa ndani. Umeupiga picha, ukaweka njiti ya kiberiti pembeni kuonyesha ukubwa. Hilo nakupongeza, wengi wasingekumbuka. Lakini yeboyebo zinashushwa gulioni kwa marobota, rangi mbili tatu, saizi chache, na nyingi hukatika palepale kwa sababu hapo ndipo plastiki ilipo nyembamba na ndipo mtu anapokanyagia akiwa amebeba mzigo. Zangu zimekatika hapohapo. Nenda kaziangalie mlangoni kwangu, halafu uongeze jina la mjomba wako. Holmes alijisifu kwamba anatambua majivu ya aina 140 za tumbaku, na msomaji akaamini kwa kuwa kila mtu aliyeingia chumbani mle alikuwa amepewa na mwandishi tumbaku yake ya peke yake. Sisi tunavaa viatu vya robota moja.

Umeandika kwamba amenunua bati. Ndiyo, amenunua, na nusu ya kijiji tulimwona zikishushwa. Kikundi chao cha akiba cha VICOBA kilivunjwa mwezi uleule. Kuna mwenyekiti, kuna mtunza hazina, kuna daftari la hisa. Ulimuuliza nani kati yao? Kwenye filamu mtu akipata fedha ghafla, mpelelezi anainua nyusi. Kijijini fedha yote huja ghafla. Inakuja ufuta ukiuzwa au kikundi kikivunjwa, inageuka bati, ada na deni la dukani, halafu mtu anaishi bila senti mpaka msimu mwingine. Ukimshuku kila anayenunua kitu mwezi wa mavuno, andaa kaunta buku jingine.

Umeandika pia kwamba amepita "eneo la tukio" mara tatu tangu wizi ule. Nani kakufundisha kwamba mhalifu lazima arudi? Stoo ile iko kwenye njia ya bombani. Mama yako amepita hapo mara nyingi kuliko yeye.

Kilichoniuma kuliko vyote ni ule mstari wa mwisho: "Nilipomuuliza hakunitazama machoni, alikuwa anakwaruza ardhi kwa kidole cha mguu." Sheria hiyo umeitoa kwenye vyumba vya mahojiano vya runinga ya Marekani, ambako asiyekukazia macho ni mwongo. Wewe umelelewa wapi? Nilipokuwa nakusema ukiwa mdogo, ulikuwa unatazama wapi? Siku ulipomkazia macho bibi yako ulilala na njaa, na hakuna aliyekutetea. Hapa kwetu mtu mwenye adabu akielezwa jambo zito huinamisha uso, na anayekutumbulia macho ndiye tunayemwogopa. Yule bwana aliulizwa habari za wizi na kijana wa rika la mwanawe, mbele ya watu, kijiweni. Akaona aibu. Wala haikuwa aibu yake. Alikuwa anakuonea wewe aibu.

Yupo mtu mwingine vijijini anayefanya kazi unayoifanya, na simu hana habari nayo. Ni mpiga ramli. Mkuu wa wilaya na polisi hawachoki kuonya juu ya ramli chonganishi, na watu hawachoki kwenda. Tazama fundi wa kazi hiyo anavyofanya. Mgonjwa anafika, mganga hamtaji mtu. Anauliza tu: mna jirani upande wa machweo? Kuna mwanamke aliyekuja kuomba chumvi mkamnyima? Kuna mtu mliyegombana naye mpaka? Mteja anatikisa kichwa, anaguna, mwishowe jina analitoa mwenyewe kwa kinywa chake. Akitoka pale ana uhakika kuliko hakimu, na anaapa kwamba mganga ndiye aliyeona. Mpwa wangu, na wewe ulikuwa na jina kabla hujafungua daftari. Mlikosana naye mambo ya mpira, dunia nzima inajua. Daftari lilikuja baadaye kutafuta sababu.

Usukumani, huko Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa miaka na miaka kwa dalili ya macho mekundu. Na dalili yenyewe, ukitaka kujua, ni ya kweli. Macho yalikuwa mekundu. Bibi amepika maisha yake yote kwa kuni na kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya jiko lisilo na dirisha, moshi ukimwingia tangu akiwa msichana. Waliomuua waliona vizuri, hawakuwa vipofu. Kosa lao lilikuwa kwenye hatua inayofuata, hiyo inayokunogea wewe, ya kuruka kutoka kwenye alama mpaka kwenye jina la mtu bila kupita popote katikati.

Katikati hapo ndipo kazi ilipo, na ndipo hadithi zinapopita mbio kwa sababu hapanogi. Nimekaa mahakama ya mwanzo kama mshauri, pembeni ya hakimu, nikisikiliza kesi za kuku, za mipaka, za baiskeli na za magunia. Kuna hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1980, shauri la Waziri Amani, ambayo hakuna wakili wa jinai asiyeijua. Inahusu mtu kumtambua mtu, hasa usiku. Mahakama ilisema haitoshi shahidi kusema nilimwona. Lazima ijulikane alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani na wa nguvu gani, na kama walikuwa wanafahamiana kabla. Nimeona maswali hayo yakiulizwa mbele yangu. Shahidi mmoja, mama, alikuja amejaa hakika: alimwona mwizi kwa mbalamwezi. Akaulizwa, umbali gani? Kama kutoka hapa hadi kwenye ule mwembe. Alikuwa ameelekea wapi? Kule. Basi uliona nini? Akanyamaza, akawaza, na akasema kwa unyofu wake wote kwamba aliona mgongo na koti. Yule mama hakuwa mwongo. Aliona mgongo na koti, jina akalijaza mwenyewe akiwa njiani kurudi nyumbani, na alipolala akaamka na sura kamili.

Tamthilia ya Prison Break umeitazama yote. Nimekusikia ukiwasimulia wadogo zako. Inaanza vipi? Mtu amehukumiwa kifo kwa mauaji ambayo hakuyafanya, na ushahidi dhidi yake umepikwa ukapikika, mpaka mkanda wa video upo unaomwonyesha akifyatua bastola. Ukamhurumia yule Mmarekani, ukakesha naye gerezani, ukatamani kuivunja runinga kwa hasira dhidi ya waliomsingizia. Halafu ukatoka nje ukamsingizia jirani kwa yeboyebo.

Na usidhani mambo hayo ni ya Marekani. Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoa huu huu wetu wa Morogoro, waliuawa Dar es Salaam pamoja na dereva wa teksi. Polisi wakatangaza kwamba ni majambazi, kwamba kulikuwa na majibizano ya risasi. Taarifa ile ilikuwa na kila kitu: walikuwa na fedha, walikuwa wageni mjini, walikuwa kwenye gari moja. Ilikuwa hadithi iliyokamilika, na ingekuwa filamu watu wangepiga makofi. Lakini ndugu zao walikataa, wakasema hawa tunawajua, walikwenda kuuza mawe. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, na tume ikasema watu wale hawakuwa majambazi. Wakashitakiwa askari. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikawaachia washitakiwa, huku jaji akieleza kwamba marehemu hawakuwa majambazi na kwamba waliowaua hasa watafutwe. Upande wa mashitaka ukakata rufaa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani afisa mmoja, ikamhukumu kunyongwa, wengine ikawaachia. Miaka kumi ilipita kati ya risasi na hukumu ile, na hayo ni mauaji yaliyoundiwa tume ya rais.

Nimekutajia kesi hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, tazama neno moja, jambazi, lilivyotosha kuwazika watu wanne kwa siku kadhaa kabla mtu hajauliza. Waliolitamka walikuwa na mafunzo, silaha, vyeo na maabara ya serikali; wewe una simu yenye kioo kilichopasuka. Ya pili, tazama aliyefungua kesi ile kwa kweli ni nani. Si mpelelezi wa kuvaa koti refu. Ni ndugu wa Mahenge ambao hawakukubali maelezo yaliyofungwa vizuri kupita kiasi. Hiyo ndiyo akili ya upelelezi ninayoitamani kwako, ya kusumbuliwa na jibu rahisi, hasa likiwa ni lako mwenyewe.

Sasa nikuambie ninachokiogopa, kwa lugha isiyo ya vitabu. Naogopa usiku mtu apige yowe la mwizi. Ukishamwandika mtu mwizi kwenye kundi, umebakiza kitu kidogo sana. Gunia jingine likipotea, mbuzi akikata kamba, mlevi mmoja akitaja jina lile lile kwenye pombe, vijana watatoka na mapanga na hakuna atakayeuliza umbali wala mwanga. Kesho yake gazeti litaandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Umewahi kuona wananchi wenye hasira kali wakifikishwa mahakamani wote? Hasira haina jina wala kitambulisho cha NIDA. Lakini ujumbe wa kwanza kwenye kundi una jina, una namba, una saa na dakika, nao ni wako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema anayesambaza taarifa anayoijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kumchafua mtu au kumtishia, faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Utasema hukujua kuwa ni uongo. Vizuri, utamweleza hayo hakimu, mimi nitakuwa nimekaa nyuma na mama yako.

Wilaya yetu hii ya Kilosa ina kidonda chake cha kukumbukwa kwa upole. Desemba 8, 2000, kule Rudewa Mbuyuni, waliuawa watu 38 katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Kabla ya siku ile kulikuwa na ng'ombe waliokamatwa, mashamba yaliyolishwa, faini, visasi vidogo, na kila upande uliamini unawajua wahalifu wake. Waliokufa hawakuulizwa mmoja mmoja nani alikamata ng'ombe wa nani. Ukurasa wako wa saba, ule ulioukunja, nimeusoma pia. Umeandika "hawa wafugaji wa bomani lazima wanahusika". Ukurasa huo sitaki kuujadili. Ung'oe, uutie jikoni, na usimwonyeshe mtu mwingine yeyote.

Kama kazi hii unaipenda kweli, na naamini unaipenda, basi ijue ilivyo. Mpelelezi wa kweli akifika, kitu cha kwanza ni kuwaondoa watu, kwa sababu sisi wanakijiji tukisikia wizi tunamiminika kama siafu na kufuta kila unyayo uliokuwepo, wa mwizi na wa mwenye mali. Nyuma ya stoo ile, siku uliyopiga picha, walikuwa wameshapita watu zaidi ya ishirini, nilikuwemo. Kielelezo kikiokotwa kinaandikwa kimeokotwa wapi, saa ngapi, na nani, kikakabidhiwa kwa nani, kwa saini, mpaka kinafika mahakamani. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, hata panga lenye damu linaweza kukataliwa. Nyumba ikipekuliwa, anaitwa shahidi huru, aghalabu mwenyekiti wa kitongoji, aone kwa macho yake na atie saini kwenye hati. Aliyejeruhiwa anapewa fomu ya polisi, PF3. Vinasaba vinakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na majibu hayaji kabla ya tangazo la sabuni. Mshitakiwa anapandishwa, anashushwa, upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa. Watu wanaicheka sentensi hiyo, na mara nyingine wana haki ya kuicheka, maana kuna wanaooza mahabusu kwa ajili yake. Lakini mara nyingine ni sentensi ya kweli kuliko zote zinazosemwa mahakamani siku hiyo.

Kazi hiyo ina masomo yake. Matokeo yako ya kemia ya kidato cha nne hayakuwa mabaya. Maabara zinataka watu wa namna hiyo, na polisi pia. Una jicho. Ile njiti ya kiberiti iliniambia kwamba una jicho. Soma riwaya zako, sehemu ya 16 nitakulipia mimi. Ukisoma, jaribu mchezo huu: ukifika katikati, andika majina yote unayoyashuku na sababu, halafu malizia kitabu uone umewasingizia wangapi. Kitabuni hawafi njaa kwa hilo, wala wake zao hawanyamaziwi bombani.

Lililobaki ni la leo, na si la kungoja Jumapili. Utakwenda kwa yule bwana na mama yako na mwenyekiti wa kitongoji. Mimi nitatangulia kumpa taarifa kwamba mnakuja, asije akadhani mnakuja kumpekua. Usianze kueleza yeboyebo. Usiseme "lakini". Sema ulimtaja bila kumjua na kwamba umekuja kuomba radhi, kisha unyamaze umsikilize, hata akikufokea. Akitaka jambo hili liende baraza la kata, ni haki yake, na faini tutachangia ukoo. Kisha utaandika kwenye kundi lilelile, kwa jina lako kamili, kwamba ulichosema hakikuwa na msingi, na utawapigia wale wa Zombo na Ulaya unaowajua waliupokea ujumbe, mmoja mmoja, kwa sababu kuufuta kwenye simu yako hakuufuti kwenye simu zao. Picha ya unyayo mpelekee polisi kata, umwambie uliipiga lini na watu wangapi walikuwa wameshapita hapo. Akikuuliza unamshuku nani, mwambie hujui.

Mjomba wako, Masanze.